Mzee alicheza, bi mkubwa alicheza, na we bado upo shule: namna ya kwenda nayo

Hii ni kwa madogo waliozaliwa kwenye nyumba ambazo ukutani kuna picha ya timu, juu ya kabati kuna kombe lililopauka, na kila mgeni akiingia anauliza "huyu nae anacheza?" kabla hata hajauliza upo darasa la ngapi. Mi nimekulia nyumba ya hivo, mzee mpira, bi mkubwa netiboli ya kazini mpaka SHIMIWI (michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali), kaka zangu nao kila mtu na lake, kwaiyo nnachoandika hapa ni vile vitu ambavyo nimeona vinafanya kazi na vile ambavyo nimeona vinaharibu watoto wazuri kabisa.

Niseme ukweli, faida zipo nyingi na wenzako hawana. Raba unanunuliwa bila vita, hakuna mtu anakwambia mchezo ni uhuni, ukiumia kuna mtu anajua ulipoumia, ukitaka nauli ya kwenda mazoezini huhitaji kutunga hadithi. Shida ni kwamba nyumba nzima wanakua makocha. Baba kocha, mjomba kocha, mpaka jirani aliyecheza nae zamani ni kocha, afu hakuna hata mmoja anaekaa chini kufungua daftari lako la hesabu. Na shuleni ndo mbaya zaidi maana mwalimu akishajua we ni mtoto wa fulani anakuachia, unapewa ruhusa kirahisi, unasamehewa kazi za nyumbani, unaona raha kumbe unaachwa nyuma taratibu.

Kwaiyo tuanze na lile gumu.

Mtenganishe mzazi na kocha

Kama mzee wako alicheza vizuri, tafuta kocha ambae sio mzee wako. Najua inaonekana kama utovu wa adabu lakini nisikilize kwanza. Angalia David Rudisha, yule Mkenya wa mita 800. Baba yake, Daniel Rudisha, alikua kwenye timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Olimpiki ya Mexico 1968, na mama yake nae alikua anakimbia mita 400 kuruka viunzi. Yani pale nyumbani makocha walikuwepo tayari. Lakini dogo alienda kukuzwa Iten na Brother Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika shule ya St Patrick's hapo Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, na kule ndo akahamia mita 800 badala ya ile 400 ya nyumbani. Mwaka 2012 London akakimbia 1:40.91, rekodi ya dunia. Baba alibaki kua baba, mwenye medali yake, mwenye ushauri wake, lakini saa haikua mkononi mwake.

Sasa angalia upande wa pili, familia ya wakimbiaji ya Ingebrigtsen kule Norwe. Gjert baba mtu aliwafundisha wanae watatu, Henrik, Filip na Jakob, wote wakawa mabingwa wa Ulaya mita 1500, na Jakob akachukua dhahabu ya Olimpiki mita 1500 Tokyo. Mwaka 2022 wakaachana nae kama kocha, mwaka 2023 wale ndugu watatu wakatoka hadharani kumtuhumu baba yao kwamba alikua anawapiga na kuwatisha, ikafika mahakamani, na 2025 mahakama ikamkuta na hatia kwa tukio moja la kumpiga binti yake mdogo na taulo, ila yale mashtaka yaliyomhusu Jakob akaachiwa. Siwaletei hii kuwaambia baba zenu ni wabaya hapana, ila muone kwamba medali za dhahabu haziwezi kuziba kitu kama hicho, na mtoto akiwa hana pa kukimbilia kwa sababu kocha ndo huyohuyo mwenye nyumba, kila kitu kinakwama humo humo.

Sasa unamwambiaje mzee? Kwetu huwezi kusimama sebuleni ukasema "baba usinifundishe", utalala njaa. Pita kwa bi mkubwa au shangazi kwanza, wao wanajua mzee akishakula ndo wakati wa kuongea. Afu usiende na lawama, nenda na ombi: "Baba shikamoo, kocha wa shule kanipangia hivi, naomba uje uongee nae umuelezee mwili wangu maana we ndo unanijua." Umeona hapo? Umempa cheo. Mzee akishakutana na kocha wakaheshimiana kelele zinapungua nusu. Na mpe kazi ya kweli, awe anaandika muda wako kwenye daftari, ashughulikie nauli, awe anashika maji, mzee asiyekua na kazi uwanjani anapiga kelele kwa kocha, kwa refa na kwako.

Jambo jingine dogo ila lina nguvu, mkubaliane kwamba njiani kurudi nyumbani hamuongelei mechi. Iwe kwenye daladala, bodaboda au gari, ongeleeni chakula, ongeleeni foleni, chochote. Mzee kama ana la kusema aseme kesho yake, na bora zaidi asubiri uulize. Kama mzee ni mgumu anza we mwenyewe, ukipanda tu uliza "mama kapika nini leo".

Kuna baba waliofundisha watoto wao na ikakubali, Richard Williams na wanae wa tenisi Venus na Serena mnamjua. Lakini kumbuka yule mzee aliwatoa watoto kwenye mashindano ya vijana wakiwa bado wadogo kabisa, wakati wazazi wengine wote wanawakimbiza watoto wao kila wikiendi kutafuta pointi, akasema wasome kwanza wakue. Kwaiyo kama baba yako anataka kua kocha kama Richard mwambie aanze na hapo.

Usirithi mchezo, uchague

Baba kucheza namba nane hakukufanyi namba nane. Mpaka karibu miaka 14 au 15 jaribu vitu vingi, na UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ukiwa msingi ni sehemu nzuri sana ya kujaribu maana kuna riadha, netiboli, wavu, mikono, mpira, yani jitokeze hata kule ambako ukoo wako haujawahi kukanyaga. Familia ya Wanyama wa Kenya ni mfano mzuri: mzee Noah alicheza AFC Leopards, McDonald Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Inter 2010, Victor akawa Mkenya wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Southampton 2013, afu dada yao Mercy akaenda zake kwenye kikapu. Hakuna aliyemlazimisha awe namba sita.

Kuna sababu ya kimwili pia. Mtoto anaekua akirudia tendo moja mwaka mzima anaumia sehemu zilezile, hasa goti na kisigino, maana mifupa inarefuka na ile sehemu kano inaposhikia mfupa bado ni laini. Ukiona kinundu kinauma chini ya kofia ya goti na upo miaka 12 mpaka 15, hapo punguza kukimbia na kuruka, muone daktari, mara nyingi ni mambo ya kukua na yanaisha. Kuna kipimo rahisi ambacho madaktari wa michezo ya watoto wanakipenda, masaa ya mazoezi kwa wiki yasizidi miaka yako. Una miaka 13, basi masaa 13 mwisho, ukijumlisha ya shule, ya klabu na yale ya mzee ya asubuhi, na siku moja ya kupumzika kabisa kila wiki. Familia za michezo hapa ndo zinafeli, kwa sababu kila mtu anahesabu mazoezi yake tu, hakuna anaejumlisha. Jumlisha we.

Shule sasa, hapa tukae kidogo

Anza na kalenda, chukua karatasi kubwa ubandike ukutani juu ya kitanda chako. UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya taifa mara nyingi inaangukia mwezi wa sita, lakini huendi taifa moja kwa moja, kuna mchujo wa shule, kata, wilaya, afu mkoa na kambi yake, kwaiyo kuanzia mwezi wa nne hivi unaanza kukosa vipindi kidogo kidogo bila kujua. Kidato cha pili na cha nne mitihani ya taifa ni mwezi wa kumi na moja, na mock zinakuja mara tu baada ya michezo. Yani likizo ile ya mwezi wa sita ambayo wenzako wapo kambi ya masomo au tuisheni we upo kambi ya mkoa unalala bwenini na timu. Kidato cha sita wao wanafanya pepa mwezi wa tano so presha yao inakuja mapema, miezi miwili mitatu kabla waambie kabisa nyumbani kwamba mazoezi yanapungua. Ukiandika haya yote kwenye karatasi moja unaona wazi mashimo yako yapo wapi, na unaziba kabla, yani mwezi wa pili na wa tatu unasoma mbele ya darasa.

Unasoma mbele nini? Hesabu, fizikia, kemia. Historia au kiswahili ukikosa wiki mbili utachukua daftari la mwenzako utasoma mwenyewe utaelewa. Hesabu ukikosa wiki mbili mada inayofuata inakua kichina, maana inapanda juu ya ile uliyokosa. Nimeona watu wakali uwanjani wanapata F ya hesabu sio kwamba hawana akili, walikosa mada mbili tu za mwezi wa tano. Kwaiyo kabla hujaenda kambi nenda kwa mwalimu wa hesabu mwenyewe, usimtume mwalimu wa michezo, sema "mwalimu naondoka tarehe fulani, utafundisha nini nikiwa sipo?" Akikwambia mada beba mada hiyo na maswali kumi ya mitihani ya nyuma. Kambini usibebe begi la vitabu saba, hutafungua hata kimoja. Beba masomo mawili. Nusu saa baada ya chai kabla ya mazoezi na nusu saa kabla ya kulala, simu kwa kocha au kwa rafiki.

Rafiki wa daftari ni muhimu kuliko unavofikiri. Chagua mmoja mwenye mwandiko unaosomeka na asiekua mchezaji, muelewane, we unamletea jezi au unamfundisha kukimbia, yeye anakupigia picha ubao au anakuandikia kopi. Usichague mchezaji mwenzio maana nae atakua kambini.

Kingine ni usingizi. Umri wa miaka 13 hadi 18 mwili unataka masaa 8 mpaka 10, na nyumba za wanamichezo zinapenda sifa za kuamka saa kumi alfajiri. Mzee anaweza kuamka saa kumi, yeye haendi kufanya pepa ya baiolojia saa nne. Kama mazoezi ya alfajiri lazima yawepo basi ulale saa mbili usiku, na kama una prepo mpaka saa nne usiku basi mazoezi yawe jioni tu. Chagua moja, vyote viwili haviwezekani, utasinzia darasani na utaumia uwanjani.

Na wazazi mnaosoma hapa, weka sheria moja inayoeleweka na isimamieni. Stephen Curry, yule mchezaji wa kikapu, baba yake Dell alikua NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, lakini alipokua shule ya kati mama yake Sonya alimzuia kucheza mechi ya kwanza kabisa kwa sababu hakuosha vyombo. Vyombo tu! Ikabidi dogo akawaambie wenzake kwanini hachezi. Hata kwetu inawezekana, daftari halijasainiwa hakuna raba. Ila isiwe adhabu ya hasira ya siku moja, iwe inajulikana toka mwezi wa kwanza, na baba asije kuivunja kwa sababu kesho ni fainali. Maana najua baba zetu, fainali ikifika sheria zote zinalala.

Ndugu

Kushindana na kaka au dada yako hakuepukiki. Mdogo atakuja kumpita mkubwa, inatokea sana, na nyumbani waanze kujizoesha kutolinganisha mezani. Kwa wale wanaofikiri mmoja akipata mwingine kakosa, Berlin 2009 mashindano ya dunia, Linet Masai wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 10,000 na kaka yake Moses akachukua shaba ya mita 10,000 wanaume. Mkifanya mazoezi pamoja mnaamshana asubuhi mnagawana nauli, basi, ila kila mtu awe na daftari lake la muda na kocha asiwasomee matokeo kwa pamoja.

Mabinti

Niandike wazi. Wasichana wengi wanaacha michezo wakifika kidato cha pili cha tatu, na kwenye familia ya michezo ni aibu tu inawaondoa, hakuna mtu wa kuongea nae kwa sababu makocha wote nyumbani ni wanaume. Kama bi mkubwa alicheza netiboli huyo ni dhahabu, muulize kuhusu hedhi na mazoezi, kuhusu sidiria ya michezo, kuhusu kambi za mchanganyiko. Ukikosa hedhi miezi mitatu mfululizo na huna sababu nyingine, usifurahi kwamba umepumzika, mara nyingi maana yake unafanya mazoezi mengi kuliko chakula unachokula, na mifupa inaanza kudhoofika, ongeza chakula uende hospitali. Na mzee akikwambia upungue kilo ili ukimbie haraka, mwambie bi mkubwa siku hiyohiyo. Kwenye safari na kambi ulizia kabisa matroni ni nani na analala wapi. Hakuna matroni hakuna safari, hata kama ni timu ya mkoa.

Kuumia

Nyumba za wachezaji zina dawa zao, mafuta ya kuchua, mzee wa mtaani anaevuta enka mpaka unalia. Mi sina ugomvi na kuchua misuli iliyochoka. Ila enka iliyovimba sasa hivi haichuliwi wala haivutwi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15, inua mguu, afu jaribu kutembea hatua nne. Huwezi hatua nne, au mfupa wa pembeni ya kifundo unauma ukiubonyeza, nenda kapige eksirei. Ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu au hukumbuki kidogo, umetoka, hurudi siku hiyo, hata mzee aseme yeye enzi zake alicheza na bandeji fainali nzima. Alikua mtu mzima, na sa hivi goti lake unaliona linavomsumbua akipanda ngazi.

Makaratasi na watu wa ofa

Jina la mzee linaleta watu. Ukifunga magoli matatu UMISSETA utashangaa "wakala" kaja nyumbani na soda. Vitu vya kujua: FIFA hawaruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhama nchi kwenda timu ya nje isipokua kwa sababu chache sana, kwaiyo anaekwambia una miaka 15 kuna timu Ulaya inakusubiri, leta tu hela ya viza na majaribio, huyo ni mwizi. Msitoe hela ya majaribio, kwa yoyote. Na mkataba wowote mzazi asaini baada ya mwanasheria kusoma, sio baada ya soda.

Umri usipunguze hata mwaka. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha la saba na pasipoti viwe na tarehe moja. Kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 wanapiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono kuona mfupa umefunga au bado, na familia zenye wachezaji wa zamani ndo zinakua na tabia ya "tumpunguze miwili tu" kwa sababu wao walipona. Zama zile zimeisha.

Tunza rekodi ya timu zote ulizochezea toka ukiwa na miaka 12, kituo kidogo cha mtaani kiwemo, na hakikisha umesajiliwa rasmi. Ukija kuuzwa nje kwa hela, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa timu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23, na vituo vyetu vingi vinakosa kwa sababu tu hakuna karatasi.

Kwa wanariadha na wa kikapu wanaotaka skolashipu ya Marekani, kule wanaangalia vyeti vyako vya sekondari kabla hata ya muda wako wa mbio. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, toka 2023 hawadai tena SAT, ule mtihani wa kuingilia chuo, lakini matokeo ya masomo yanahesabiwa, hesabu na kingereza na sayansi, na chuo chenyewe kitataka mtihani wa kingereza. Kwaiyo ile F ya hesabu ya mwezi wa tano inarudi hapa. Na kabla hujasaini chochote cha kulipwa kama mchezaji uliza kwanza chuo unachokitaka, maana unaweza kujifungia mlango kwa laki mbili.

Ukitaka kuacha

Inatokea na sio laana. Kuna mtoto wa mchezaji anataka kua fundi umeme na ana haki hiyo. Ila usiache katikati ya msimu wala siku umefungwa, maliza msimu, rudisha jezi ya shule ikiwa imefuliwa, afu kaa wiki mbili bila mazoezi uone kama unakumbuka mchezo au unakumbuka marafiki tu. Kama bado unataka kuacha pita njia ileile, shangazi kwanza, baba baada ya kula, na uende na mpango mkononi, "baba nataka hizi jioni nisome hiki." Mzee atanuna, wengine wananuna mpaka msimu mpya. Usibishane nae, mwambie tu Jumamosi utaenda nae uwanjani kuangalia mechi, na uende kweli.